Daftari la Maneno ya Siri

Jumamosi, 2 Oktoba 1999

Mlio ule haujanitoka masikioni. Kompyuta ya Bi. Katunge, pale kwenye duka lake la barua pepe mjini Nyeri, ikipiga simu Nairobi kuchukua barua, hulia kwanza kama simu yoyote, halafu hukoroma, halafu hupiga ukelele kama mwanambuzi aliyebanwa na mlango wa mabati. Kisha shhhh. Kisha kimya. Watu wote kwenye benchi hunyamaza mpaka uishe, kama kanisani. Leo nilifumba macho kabisa. Nilipoyafumbua, barua ilikuwa imefika.

Chuo kikuu kule Uholanzi kimepunguza majina ya waombaji. Shahada ya pili ya elimu, nafasi moja kwa Kenya nzima. Tumebaki wanne. Uamuzi utakuja kwa barua pepe tu, wakati wowote mwezi huu, na atakayechaguliwa ana siku tatu za kujibu. Asipojibu, nafasi inaenda kwa anayefuata.

Kwa barua pepe tu! Mimi Wachuka, mwalimu wa Kiswahili, mzaliwa wa Mukurweini, umri miaka ishirini na mitano, maisha yangu yote yamo ndani ya sanduku ambalo siwezi hata kuligusa.

Na Mutahi amebaki pia. Mutahi wa jiografia. Kati ya watu wanne wa Kenya nzima, wawili wanakunywa chai ya birika moja katika shule moja hapa Giakanja. Alikuwa kwenye benchi hilohilo. Alisoma yake, akacheka kwa sauti, akanipa mkono, akasema akishindwa na mimi hatalia sana. Mkono wenyewe ulikuwa na joto. Nilimshuku papo hapo.

Jambo jingine. Katunge ana daftari pale kaunta. Laini ikikatika (hukatika kila siku), wateja wa mbali hawawezi kungoja. Kwa hiyo kila mtu huandika jina lake, anwani yake na neno lake la siri, aende zake. Katunge humfungulia laini ikirudi, huchapa barua zake na kuziweka kwenye kisanduku cha mbao chenye jina lake. Watu arobaini na mmoja wameandika! Mapadri! Mimi nimekataa tangu Agosti. Nilimweleza Katunge kwamba neno la siri likishaandikwa si siri tena. Akajibu kwa upole wake wa Kikamba kwamba sawa madam, lakini nikisahau nisimlilie yeye.

Leo, nikiinama kutia sahihi risiti yangu, macho yaliangukia daftari. Mstari wa kumi na tisa. Mutahi. Neno la siri: mlimakenya.

Sikutaka kulisoma. Nililisoma. Sasa siwezi kuacha kulijua.

Jumatatu, 4 Oktoba

Aibu. Aibu ya kuniwasha ngozi.

Wakati wa chai ya saa nne nilisimama katika chumba cha walimu nikatoa onyo kuhusu wezi wa kompyuta. Nilikuwa nimejiandaa. Hotuba ilikuwa na vichwa vidogo vitatu. Nikasema kuna watu duniani wanaoamka asubuhi kwa kazi moja tu, kufungua barua za wenzao. Gladwell, karani wa shule na jirani yangu mlango wa pili, akauliza ati huyo mwizi akifungua barua zangu atapata nini, ngeli? Wakacheka. Nikapanda sauti. Kosa. Nikasema sanduku langu haliwezi kufunguliwa na yeyote, kwa kuwa hata nikisahau neno la siri lipo swali la akiba, nami peke yangu ninajua jibu. Mutahi akaniuliza ni swali gani. Nikamwambia! Nilikuwa nimelewa ushindi. Nikasema: jina la nyanya mzaa mama.

Mutahi akaweka kikombe chini. Akauliza dada yangu mkubwa anaitwa nani. Nyambura. Na mimi ndiye msichana wa pili? Ndiye. Akatazama dari kidogo, kama anayetafuta mto kwenye ramani.

"Basi nyanya yako ni Wachuka."

Chumba kililipuka. Bila shaka ni Wachuka! Msichana wa kwanza hupewa jina la nyanya mzaa baba, wa pili la nyanya mzaa mama. Kila mtu mezani pale ameitwa hivyo. Nilikuwa nimefunga mlango kwa kufuli na kulitundika jina langu mwenyewe kama ufunguo. Gladwell alicheka mpaka chai ikamtoka puani. Mpishi alikuja kuuliza kuna nini, akaelezwa, akasema hata yeye angejua. Kufikia chakula cha mchana nilikuwa naitwa Madam CID.

Mutahi hakucheka sana. Hilo ndilo lililoniumiza zaidi. Alinihurumia.

Jumamosi, 9 Oktoba

Nimerekebisha kila kitu. Nimefikiri siku tano.

Kwanza, neno jipya la siri. Herufi kumi na tatu: awauiliyakivi. Ngeli nne za kwanza za Kiswahili zikifuatana. Hakuna mtu wa jiografia atakayelipata.

Pili, jibu la uongo kwa swali la nyanya. Nilitaka jina ambalo halijawahi kuingia nyumba yoyote ya hapa. Kwenye benchi alikuwa Inspekta Masinde wa polisi, mtu wa Bungoma, akimsimulia Katunge habari za harusi ya kwao, shangazi mmoja baada ya mwingine. Nikachukua jina la kwanza nililolisikia, nikaliandika, nikabonyeza. Nyanya yangu sasa ni Mbukusu wa Bungoma! Nilitembea mpaka dirishani na kurudi kwa furaha.

Tatu, na hili ni ajabu: barua ilikuwa ikiningoja. Kutoka Idara ya Usalama ya Masanduku ya Dunia. Inasema wezi wameongezeka kwa sababu ya kuja kwa mwaka 2000, na masanduku yasiyothibitishwa yatafutwa ifikapo tarehe 15. Inasema (nanukuu kwa tafsiri yangu) kwamba wameniandikia kwa sababu mimi ni mmoja wa wachache wanaojali usalama. Hatimaye! Mtu fulani, mahali fulani, ameona.

Walitaka jina, neno la siri na jibu la swali la akiba. Niliwapa yote, nikaongeza aya ya kuwapongeza kwa kazi yao na kusahihisha makosa mawili ya kisarufi katika barua yao.

Sasa niandike sehemu iliyobaki. Chini ya barua kulikuwa na nafasi ya kumtaja rafiki ambaye bado hajathibitisha, pamoja na neno lake la siri, ili naye aokolewe. Nilikaa nikiitazama nafasi hiyo. Nilijiambia kwamba Mutahi ni mzembe. Nilijiambia kwamba sanduku lake likifutwa tarehe 15 atakosa uamuzi, na kwamba haitakuwa haki nishinde kwa njia hiyo. Nilijiambia kwamba ni wema.

Nikaandika mlimakenya.

Kama ulikuwa wema, mbona nilitazama nyuma kwanza?

Jumatano, 13 Oktoba

Mwalimu mkuu aliniita ofisini saa mbili asubuhi. Mbele yake karatasi mbili ambazo Gladwell alizileta na barua za shule kutoka kwa Katunge. Mwalimu mkuu, Bi. Mbogo, akaniamuru nisome ya kwanza kwa sauti.

Nikasoma. Rafiki mpendwa, je, kichwa chako kimekosa nywele? Usione haya. Mimi pia nilikuwa hivyo. Baada ya wiki tatu za mafuta haya, mume wangu hanitambui.

Chini yake: Wachuka.

Imeenda kwa kila mtu niliyewahi kumwandikia. Watu thelathini na wawili. Mwalimu mkuu. Ofisi ya dayosisi. Profesa wa Uholanzi! Na Mzee Mbogo, mume wa mwalimu mkuu, mzee wa kanisa, ambaye kichwa chake hakina unywele hata mmoja tangu nilipokuwa msichana wa shule hii hii. Bi. Mbogo alisema mzee ameisoma mara mbili. Amesema mzee ameuliza kama nina nia mbaya naye au nina nia njema.

Nilitaka sakafu inimeze. Sakafu ya ofisi ile ni ya saruji.

Kisha akanipa karatasi ya pili. Maneno yaleyale, mafuta yaleyale, mume yuleyule. Chini yake: Mutahi.

Akaniuliza, akivua miwani, kama mimi na Bwana Mutahi tuko pamoja katika biashara, au tuko pamoja kwa njia nyingine ambayo shule ingepaswa kujua. Nikasema hapana, hapana, kwa njia zote. Akasema Mutahi amejibu hivyo hivyo, kwa aibu hiyo hiyo.

Kidato cha Nne wamechora kichwa chenye upara ubaoni. Chini wameandika Bw. na Bi. CID. Niliwafundisha matumizi ya herufi kubwa na wameyazingatia.

Ile Idara ya Usalama haipo. Nimejua. Nilijua nikiwa nasoma neno "mafuta."

Jumamosi, 16 Oktoba

Nyeri ilikuwa ukungu mtupu na mvua nyembamba. Nilikuwa wa kwanza mlangoni kwa Katunge. Neno la siri limekataliwa. Mwizi amelibadilisha. Likabaki swali la akiba, na hapo nikagundua kwamba silikumbuki jina la nyanya yangu wa Bungoma.

Nikajaribu Nafula. La. Nekesa. La. Nasimiyu. La. Nilipokuwa naandika Nanjala niliona kivuli. Inspekta Masinde, mvua ikimtiririka kofiani, alikuwa amesimama nyuma yangu.

"Mwalimu," akasema polepole, "mbona unaandika dada za baba yangu?"

Nikabonyeza. Mashine ikasema nimejaribu mara nyingi mno, ikafunga. Sanduku limekwenda. Likija jibu la Uholanzi, atalisoma muuza mafuta.

Mutahi akafika. Lake pia limekufa. Akasimama mbele ya kaunta, maji yakimdondoka, akamwuliza Katunge ni nani mwingine anayeliona daftari. Hakupaza sauti. Lakini benchi lilisikia. Mama mmoja wa kutoka Mukurweini akasema yeye alijua tangu zamani, ati mtu akitoka kwao mbali hivyo kuja kuweka kompyuta huku, lazima ana sababu. Mwingine akasema afutiwe jina lake sasa hivi, akiona. Wakajipanga mstari wa kufutiwa majina! Katunge alishika kalamu akafuta mmoja mmoja, akiuliza kila mtu taratibu, jina lako nani mama, jina lako nani mzee, kana kwamba hawajui. Inspekta akasema, bila kupenda, kwamba itabidi alichukue daftari. Katunge akampa kwa mikono miwili.

Kisha akakaa, akatazama printa yake. "Woi," akasema. "Miaka mitatu."

Na mimi? Nilikuwa nimesimama kando ya dirisha nikisoma kalenda. Nilisoma mwezi wote wa Oktoba. Nilisoma mpaka Novemba.

Jumatatu, 18 Oktoba

Mpango. Nimepata mpango!

Nitamwokoa Katunge bila kujiumiza mimi. Barua isiyo na jina, kwa Inspekta, nakala ubaoni katika chumba cha walimu na mlangoni kwa Katunge. Mwandiko wangu unajulikana na wasichana mia tatu, kwa hiyo nilitumia taipureta ya Gladwell akiwa ameenda chakula. Nikaandika kwamba Bi. Katunge hana hatia. Kwamba maneno ya siri yalitolewa na mtu mwingine. Kwamba mtu huyo anajuta sana. Kwamba jina lake halina umuhimu.

Nikaibandika kabla ya saa nane, nikarudi chumbani kwangu, maana Jumatatu sina kipindi cha mchana. Saa nane na dakika tano Gladwell alikuwa mlangoni kwangu, barua mkononi, amekunja uso.

Kwanza, akasema, kila mtu anajua "a" ya taipureta yake huruka juu, kwa hiyo sasa watu wanasema ni yeye. Pili, kuna mtu mmoja tu Nyeri nzima anayetumia nukta mkato.

"Nne, Wachuka! Nimezihesabu! Nani mwingine?"

Nikaketi kitandani. Nikamwambia. Nilidhani atacheka. Gladwell hucheka kila kitu. Alicheka mazishi ya mjomba wake mwenyewe. Hakucheka. Aliuliza kama nililiandika neno la Mutahi kwa kusahau au kwa kujua. Nikasema kwa kujua. Aliuliza kama ningefanya hivyo iwapo Mutahi hakuwa ameomba Uholanzi. Nikasema sijui.

Akasema mimi najua.

Kisha akasema hatanisema, kwa sababu mimi ni rafiki yake, lakini Jumatano ni sikukuu na Katunge atakuwa nyumbani Ruring'u, na ikifika Alhamisi sijaenda kwake, yeye Gladwell atakuwa ametafuta rafiki mwingine.

Jumatano, 20 Oktoba. Sikukuu ya Kenyatta

Nimekwenda. Nimerudi. Naandika juu ya goti, mwandiko huu nisameheni. (Nani anisamehe? Hakuna anayesoma hapa.)

Katunge amepanga chumba nyuma ya uwanja wa Ruring'u. Vipaza sauti vya sherehe vilikuwa vikinguruma, hotuba juu ya hotuba, watoto wa shule wakiimba. Njiani nilitunga maneno. Mpango ulikuwa kusema nusu: kwamba nilidanganywa mimi, na kwamba labda, kwa namna ambayo haijulikani, wezi waliliona na la Mutahi. Ilikuwa nusu nzuri. Ilisimama yenyewe.

Nikagonga. Aliyefungua ni Mutahi.

Alikuwa amekuja kumwomba Katunge msamaha. Alikuwa ameleta maziwa. Ati amefikiri siku nne na ameona si haki kumlaumu mtu kwa sababu ya daftari ambalo yeye mwenyewe aliliandikia kwa hiari yake. Katunge alikuwa anakunja nguo ndani ya sanduku la bati. Alisema mwenye jengo amesikia maneno ya watu na anataka chumba chake kufikia mwisho wa mwezi. Atarudi Machakos. Alisema bila kulalamika, akitafuta soksi ya pili.

Halafu akakumbuka kitu, akafuta mikono, akatoa karatasi mbili za faksi. Zimeingia jana jioni kutoka Uholanzi. Moja yangu, moja ya Mutahi.

Profesa amepokea barua mbili za mafuta ya nywele. Anasema kwa heshima kwamba yeye mwenyewe hana nywele. Anasema uamuzi ulikuwa tayari lakini umesimamishwa. Kila mmoja wetu aeleze kwa maandishi, kabla ya Ijumaa mchana, jinsi sanduku lake lilivyopotea. Asiyeweza kueleza ataondolewa.

Mutahi alisoma mara mbili. Akasema yeye basi amekwisha, maana hajui. Ataeleza nini? Hajawahi kumpa mtu neno lake isipokuwa daftari.

Nje wakapiga makofi, watu elfu, kwa hotuba ya mtu mwingine.

Nikasema yote. Mstari wa kumi na tisa, Idara ya Usalama, ile nafasi ya rafiki, kutazama nyuma. Nilisema haraka, nikiiangalia soksi mkononi mwa Katunge. Nilimaliza. Kisha Katunge akaniuliza jambo moja tu. Siku ile ya kufuta majina, nilikuwa pale?

Nilikuwa pale.

"Kando ya kalenda," akasema.

Akarudi kukunja nguo. Mutahi akatoka nje akasimama kwenye matope muda mrefu. Aliporudi alisema, "Wewe, Madam CID," lakini hakuweza kumalizia. Nimeishi miaka ishirini na mitano na sijawahi kujua kwamba mtu anaweza kuona haya mpaka meno yakamuuma.

Ijumaa, 22 Oktoba

Rasimu nne.

Ya kwanza ililaumu mwaka 2000. Ya pili ililaumu mtandao wa simu. Ya tatu ilikuwa nzuri sana, ilitumia neno "mazingira" mara tano, na ukiisoma haraka ungedhani maneno ya siri yalitoka yenyewe yakaenda. Niliipenda rasimu ya tatu. Niliikunja nikaiweka mfukoni endapo ningebadili mawazo njiani.

Nilituma ya nne. Nusu ukurasa. Nilitoa neno langu la siri kwa wezi kwa sababu walinisifu. Nilitoa la Bwana Mutahi kwa sababu nilikuwa nashindana naye. Bi. Katunge hakufanya kosa lolote. Bwana Mutahi hakufanya kosa lolote. Hakuna nukta mkato hata moja.

Katunge mwenyewe ndiye aliyeiingiza kwenye faksi. Ilikuwa lazima aisome, karatasi hupita mbele ya macho. Ikapita. Akanipa nakala mbili bila kuombwa, moja kwa Inspekta, moja kwa mwenye jengo. Akaniambia nizipeleke mimi, kwa miguu yangu.

Nilizipeleka. Inspekta Masinde aliisoma akiwa amesimama. Akauliza kama nilikuwa na jambo lingine lolote la kueleza, kuhusu shangazi zake. Nikaeleza na hilo. Alikohoa kwa muda mrefu kidogo, amenipa mgongo. Mabega yalikuwa yakitikisika.

Mwenye jengo aliisoma akasema yeye tangu mwanzo hakuamini maneno ya watu. Muongo. Lakini chumba kimebaki cha Katunge.

Jumatano, 27 Oktoba

Faksi. Nafasi ni ya Mutahi.

Kwangu wameandika aya nzima ya heshima. Wanashukuru kwa ukweli wangu. Wanasikitika kwamba mtu aliyetoa neno la siri la mwenzake hawezi kupokelewa. Naweza kuomba tena baada ya miaka mitatu.

Miaka mitatu! Nitakuwa na ishirini na minane.

Katika chumba cha walimu walimpigia makofi. Nami nilipiga. Nilipiga kwa nguvu sana, Gladwell akanishika mkono chini ya meza ili nipunguze. Baadaye Mutahi alinikuta kwenye maktaba nikipanga vitabu ambavyo vilikuwa vimeshapangwa. Alisema hajui kama amenisamehe, bado anaangalia. Alisema akifika Uholanzi ataniandikia. Nikafurahi, nikasema nitamwandikia anwani yangu mpya ya barua pepe.

"Kwa posta, Wachuka," akasema. "Kwa posta."

Ndiyo, nina sanduku jipya, nililifungua jana baada ya masomo. Na leo alasiri nilifanya jambo la ujasiri. Nilimwandikia mwizi. Nilituma barua kali kwenye sanduku langu la zamani, kurasa mbili, nikimweleza alichoniharibia: shahada, rafiki, jina langu mbele ya Mzee Mbogo. Nikamwambia atubu. Nikatia sahihi, na nikaweka anwani mpya ili aweze kujibu kama ana utu.

Katunge aliniangalia nikituma. Hasemi nami zaidi ya lazima. Lakini alisogeza kiti chake karibu na printa ili nipate nafasi ya miguu.

Jumamosi, 30 Oktoba

Nilikuwa nimeamua kutoandika tena humu. Lakini kuna habari, na ni habari njema, na sina wa kumwambia. Gladwell angeuliza maswali.

Mwizi hakujibu. Nilitarajia. Lakini asubuhi hii, katika sanduku jipya, kulikuwa na barua kutoka Shirika la Kimataifa la Kuwatetea Walioibiwa Masanduku. Wamesikia habari zangu. Hawasemi kutoka wapi. Mashirika makubwa yana njia zao. Wanajua kuhusu shahada. Wanajua hata kuhusu Mzee Mbogo! Wanasema nimeonewa, na kwamba wana mwanasheria anayeweza kuzungumza na chuo kile, na kwamba mara nyingi nafasi ya pili hupatikana kabla ya Januari.

Sasa mimi si yule wa tarehe 9. Niliisoma mara sita. Nilitafuta mtego mstari kwa mstari, kama ninavyotafuta makosa ya insha, na kalamu nyekundu mkononi. Nikaona jambo ambalo mwingine asingeliona: hawaombi neno la siri. Hakuna mahali. Wezi huomba neno la siri. Hawa wanaomba vyeti tu. Cheti cha kuzaliwa, cha kidato cha nne, cha digrii. Na picha mbili. Ili mwanasheria ajue anamtetea nani, jambo ambalo ni la haki kabisa.

Anwani yao ni sanduku la posta katika mji ambao sikuuona kwenye atlasi ya shule. Nilitafuta na faharasa. Lakini ile atlasi ni ya zamani, na miji hukua.

Nikawaza nimuulize Katunge. Alikuwa na wateja, benchi lilikuwa limejaa tena, nikaona haya kumsumbua. Nikawaza nimuulize Mutahi. Nikaona haya zaidi. Nimewaaibisha watu wa kutosha mwezi huu. Safari hii nimejitegemea.

Nimetoka posta sasa hivi. Bahasha imekwenda kwa rejista, saa tano na robo, kabla hawajafunga dirisha. Karani aliniuliza kama nimepiga fotokopi za vyeti vile kwanza, maana ni vya maana. Nikamwambia hapana. Nimeweka vyeti halisi, vyote vitatu, na sikubaki na nakala hata moja. Nilimweleza kwa nini, kwa upole, kwa sababu niliona hajui: nakala zikizagaa, huwezi kujua zitaangukia mikononi mwa nani.